Kabla ya kuuliza "nani": jinsi CCM inavyompata mgombea wake wa urais

Ibara ya 40 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ina kifungu kidogo cha nne ambacho kwa miaka mingi hakikumshughulisha mtu yeyote isipokuwa wanasheria. Kinasema kwamba Makamu wa Rais akishika kiti cha Rais kwa kipindi kinachopungua miaka mitatu, ataruhusiwa kugombea urais mara mbili, lakini akikishika kwa miaka mitatu au zaidi, ataruhusiwa kugombea mara moja tu. Samia Suluhu Hassan aliapishwa tarehe 19 Machi 2021, miezi michache tu baada ya John Magufuli kuanza muhula wake wa pili, kwa hiyo alikuwa amekaa Ikulu zaidi ya miaka minne aliposimama kugombea kwa jina lake mwenyewe Oktoba 2025. Mara yake moja ameshaitumia. Katiba isipoguswa, Chama Cha Mapinduzi kitalazimika kutafuta mgombea mpya mwaka 2030, na kinyang'anyiro cha ndani ambacho hakijaonekana kwa upande wa Muungano tangu mwaka 2015 kitafunguliwa tena.

Mjadala wa majina huanza mapema kuliko chama chenyewe kinavyopenda. Ukikaa kijiweni kwenye kahawa utasikia huyu ana mvuto, yule ni msafi, fulani ana watu mikoani, fulani ana fedha. Mazungumzo hayo ni matamu, nami huyafuatilia kama mwingine yeyote, ila nadhani huanzia mahali pasipo. Yanamchukulia mgombea kana kwamba huchaguliwa na umma unaompenda, ilhali ndani ya CCM jina hupita katika vikao vitatu, Kamati Kuu, Halmashauri Kuu ya Taifa na Mkutano Mkuu, vyenye ukubwa tofauti na namna tofauti za kuamua, na mtu anayependwa na kikao cha mwisho anaweza asifike huko kabisa. Anayetaka kujua nani atateuliwa inampasa ajue kwanza kila kikao kinapimaje.

Jambo hili lina uzito mkubwa kuliko utaratibu wa kawaida wa chama, kwa sababu Ibara ya 39 inataka mgombea urais awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa na chama hicho. Mgombea binafsi hayumo. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania suala hilo mahakamani tangu miaka ya 1990, akashinda Mahakama Kuu, akashindwa Mahakama ya Rufani mwaka 2010, kisha akapata ushindi katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha mwaka 2013, lakini mlango haujafunguliwa mpaka leo. Na kwa kuwa kila aliyesimama kwa tiketi ya CCM tangu vyama vingi virudi ametangazwa mshindi, kikao cha mwisho cha Dodoma, Mkutano Mkuu, ndicho ambacho kwa vitendo kimekuwa kikiamua nani awe Rais. Mwaka 2015 daftari la wapiga kura lilikuwa na watu zaidi ya milioni 23. Waliompa Magufuli tiketi ya chama walikuwa 2,104.

Safari ilianza kwa fomu. Mwaka ule fomu ilitolewa kwa shilingi milioni moja, kuanzia tarehe 3 Juni hadi tarehe 2 Julai saa kumi jioni, na kila mtangaza nia alitakiwa kupata wadhamini 450 kutoka mikoa 15, mitatu kati ya hiyo ikiwa ya Zanzibar. Kwa hesabu, hao ni watu 30 tu kwa kila mkoa. Sharti lilikuwa jepesi, lakini wapambe waliligeuza kuwa mashindano ya umaarufu: mtia nia anafika ofisi ya chama ya wilaya na msafara wa magari, watu wanapanga foleni juani wakiwa na kadi zao za kijani mkononi ili majina yao yaandikwe, na jioni idadi inatangazwa kwa waandishi wa habari kana kwamba ni matokeo ya uchaguzi. Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa zamani aliyekuwa ameizindua safari yake mwezi Mei katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid mjini Arusha mbele ya umati uliofurika, alikusanya wadhamini kwa mamia ya maelfu. Magufuli alizunguka kimyakimya, akapata wadhamini wake, akarudisha fomu. Kikao kilichofuata hakikuwa na sababu yoyote ya kuhesabu wadhamini waliozidi 450.

Waliochukua fomu walikuwa 42, na waliorudisha 38. Kutoka hapo kazi ilihamia kwenye Kamati ya Maadili na Kamati Kuu, yaani chumba kidogo kuliko vyote, chenye watu wachache ambao wengi wao wanaingia kwa vyeo vyao na ambao hawalazimiki kumweleza mtu sababu za uamuzi. Hapa ndipo msamiati wa siasa zetu ulipopata maneno yake makali: jina "limekatwa", jina "halikurudi". Kamati Kuu haichagui mgombea. Inachagua nani wasipigiwe kura, na huo ndio uwezo mkubwa zaidi katika mchakato wote. Onyo lilikuwa limetolewa mapema, kwani Februari 2014 makada sita, Lowassa, Frederick Sumaye, Bernard Membe, Stephen Wasira, January Makamba na William Ngeleja, walipewa karipio na kuwekwa chini ya uangalizi kwa kuanza kampeni kabla ya wakati. Lakini adhabu hiyo haikuwa kipimo kimoja kwa wote, maana wawili kati ya sita hao, Membe na Makamba, walipenya hadi tano bora, pamoja na Magufuli, Asha-Rose Migiro na Amina Salum Ali. Lowassa hakuwamo.

Kilichofuata kilionyesha jinsi kikao kidogo na kikubwa vinavyoweza kuwa na mioyo miwili tofauti. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu, Emmanuel Nchimbi, Sophia Simba na Adam Kimbisa, walitoka nje usiku na kutangaza hadharani kwamba wamejitenga na uamuzi huo. Mwenyekiti, Jakaya Kikwete, alipoingia katika Halmashauri Kuu ya Taifa, sehemu ya wajumbe ilimpokea kwa wimbo wa "tuna imani na Lowassa". Wimbo huo ulisikika nchi nzima, ila haukubadilisha chochote, kwa sababu Halmashauri Kuu ilikuwa imeletewa majina matano na kazi yake ilikuwa kuyapunguza yawe matatu. Anayetaka kuelewa siasa za uteuzi auangalie vizuri usiku ule: ukumbi umejaa watu wanaoimba jina ambalo haliwezi kuandikwa kwenye karatasi yao ya kura.

Namba za Halmashauri Kuu zinastahili kusomwa polepole. Magufuli alipata 290, Amina Salum Ali 284, Migiro 280, Makamba 124 na Membe 120. Ukizijumlisha unapata 1,098, ambayo ni mara tatu ya 366, kwa sababu kila mjumbe alichagua majina matatu kati ya matano. Kura ya namna hiyo haimpimi anayependwa zaidi. Inampima asiyechukiwa. Mjumbe mwenye chaguo lake moja la moyoni analazimika kuongeza majina mawili mengine, na hapo humpa mtu asiyemtisha, au humnyima yule asiyetaka kabisa afike mbele. Kambi ya Lowassa haikuweza kumpigia mtu wake, lakini iliweza kuhakikisha kwamba Membe, aliyekuwa akitajwa kama mshindani wake mkuu, hapati chochote kutoka kwao. Huo ni usomaji wangu wa namba, ingawa sioni namna nyepesi zaidi ya kueleza pengo la kura 156 kati ya mtu wa tatu na wa nne, huku watatu wa juu wakitofautiana kwa kura kumi tu.

Majina matatu yalipofika Mkutano Mkuu, kila mjumbe akapewa kura moja, na picha ikabadilika kabisa. Watu watatu waliokuwa wamekaribiana kama pacha katika Halmashauri Kuu walitengana: Magufuli 2,104, Amina 253, Migiro 59. Ni majina yaleyale, katika ukumbi wa mji uleule wa Dodoma, tena ndani ya siku hizohizo, lakini swali lilikuwa limebadilika. Pale mwanzo wajumbe waliulizwa "nani mnaweza kuwavumilia", na pale mwisho waliulizwa "nani mnamtaka". Mtu anayejibu vizuri maswali yote mawili ni nadra, na asilimia 87 ya Magufuli ilitokana na kwamba wengi waliokuwa na jibu lao la swali la pili walikuwa wameshaondolewa na lile la kwanza.

Si kila mara Mkutano Mkuu unakuwa mwepesi hivyo. Julai 1995, katika ukumbi wa Chimwaga mjini Dodoma, majina matatu yaliyofika mbele ya wajumbe yalikuwa ya Jakaya Kikwete, Benjamin Mkapa na Cleopa Msuya, baada ya wengine, akiwamo John Malecela na Lowassa, kuenguliwa katika hatua za awali ambako kauli ya Mwalimu Nyerere ilikuwa nzito. Raundi ya kwanza Kikwete aliongoza kwa kura 534, Mkapa akafuata kwa 459 na Msuya akabaki na 336. Hakuna aliyefikisha nusu, kwa hiyo wawili wa juu wakarudi kupigiwa kura, na Mkapa akashinda kwa 686 dhidi ya 639. Kati ya raundi hizo mbili Mkapa aliongeza kura 227 na Kikwete 105, na kwa kuwa jumla ya wapiga kura karibu haikubadilika, inaelekea kwamba waliokuwa wamempigia Msuya walimwendea Mkapa kwa zaidi ya mbili kwa moja. Aliyekuwa wa pili katika raundi ya kwanza ndiye aliyeishia kuwa Rais, na hakuhitaji kumshinda wa kwanza kwa mvuto. Alihitaji kuwa chaguo la pili la watu wa mgombea wa tatu. Kikwete alijifunza. Mwaka 2005 alirudi Chimwaga na kundi lililojipanga miaka kumi, lile ambalo watu waliliita mtandao, akapata 1,072 dhidi ya 476 za Salim Ahmed Salim na 122 za Mark Mwandosya, na raundi ya pili haikuhitajika.

Katika chaguzi hizo tatu kuna jambo ambalo wanaopanga majina ya 2030 hulipita upesi. Cheo kikubwa serikalini kimekuwa mzigo mbele ya chujio. Malecela, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu, alikatwa mwaka 1995 na tena mwaka 2005. Msuya alikuwa Waziri Mkuu madarakani mwaka 1995 na akawa wa tatu. Sumaye alikuwa Waziri Mkuu kwa miaka kumi mfululizo, na mwaka 2005 hakufika Mkutano Mkuu. Mwaka 2015 Waziri Mkuu Mizengo Pinda na Makamu wa Rais Mohamed Gharib Bilal walichukua fomu, na hakuna hata mmoja aliyeingia tano bora. Waliopita ni Mkapa, aliyekuwa Waziri wa Sayansi, Teknolojia na Elimu ya Juu, Kikwete wa Mambo ya Nje na Magufuli wa Ujenzi. Sababu si fumbo: Waziri Mkuu ndiye aliyesema "hapana" kwa wabunge, kwa wakuu wa mikoa na kwa makandarasi, na kila "hapana" ina mwenyewe anayeikumbuka kwenye kikao. Waziri wa kawaida ana maadui wa wizara moja.

Kwa hiyo, mtu anapotaja leo Makamu wa Rais Nchimbi au Waziri Mkuu Mwigulu Nchemba, walioshika nafasi hizo baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025, anataja watu walio karibu na mlango, lakini historia ya uteuzi wa wazi haijawahi kuwapendelea walio karibu hivyo. Makamu wa Rais pekee aliyewahi kuwa Rais tangu vyama vingi virudi ni Samia, naye aliingia kwa Katiba baada ya kifo cha mtangulizi wake, hakupita chujio. Kanuni zinaweza kuvunjika, na Nchimbi ana jambo ambalo wengine hawana: alikuwamo ndani ya Kamati Kuu ya 2015, akaupinga uamuzi wake hadharani, na bado akarudi hadi kuwa Katibu Mkuu na kisha mgombea mwenza. Anajua jina linavyokatwa kwa sababu aliliona likikatwa.

Kuna vipimo vingine visivyoandikwa popote lakini kila mjumbe huvibeba mfukoni. Katiba inataka Rais na Makamu wake watoke pande tofauti za Muungano, basi. Haisemi lolote kuhusu zamu ya Bara na Visiwani wala kuhusu dini. Hata hivyo ukiwapanga Marais kwa mfuatano, Nyerere, Mwinyi, Mkapa, Kikwete, Magufuli, Samia, unaona Mkristo na Mwislamu wakipokezana bila kukosea hata mara moja, na mara ya mwisho upokezano huo ulitokea kwa msiba, bila kura. Je, hiyo ni kanuni au ni nasibu iliyogeuzwa kanuni? Nionavyo mimi, ni hoja ambayo hutumiwa na mwenye haja nayo. Anayetaka kumwondoa mtu huitaja kwa sauti ya chini, na asiyekuwa na haja nayo hukumbusha kwamba Katiba haina dini. Suala la pande za Muungano lina sura kama hiyo. Jina la Rais wa Zanzibar, Hussein Mwinyi, ambaye naye anamaliza muhula wake wa pili mwaka 2030, likitajwa tu, papo hapo linazua swali la kama inafaa Mzanzibari amfuate Mzanzibari, na jibu hutegemea anayejibu anamtaka nani.

Kipimo kingine ni mwenyekiti. Katika CCM Rais aliyeko madarakani ndiye mwenyekiti, kwa hiyo anayeondoka ndiye anayeendesha vikao vinavyomtafuta wa kumfuata. Watu wengi hudhani maana yake ni kwamba humteua mrithi, lakini ushahidi ni wa kuchanganya. Mwenyekiti ana nguvu ya kuzuia kuliko ya kuweka. Jirani zetu wa Kenya walionyesha gharama ya kwenda mbali zaidi: Oktoba 2002 Rais aliyekuwa akiondoka, Daniel arap Moi, aliuongoza mkutano wa Kanu pale Kasarani kumpitisha Uhuru Kenyatta, na siku hiyohiyo vigogo waliokuwa wamejitoa walikuwa Uhuru Park, ambako Raila Odinga alitamka "Kibaki Tosha". Kanu ikashindwa uchaguzi kwa mara ya kwanza tangu uhuru.

CCM imewahi kuonja kipande cha dawa hiyo. Wiki mbili baada ya kukatwa, Lowassa alijiunga na Chadema na kupewa tiketi ya urais bila kushindanishwa na yeyote. Matokeo yaliyotangazwa yalimpa asilimia 39.97 dhidi ya 58.46 za Magufuli, kiwango ambacho upinzani haukuwahi kukifikia. Chadema nayo ililipa: Katibu Mkuu wake, Willibrod Slaa, alijiondoa, na mwenyekiti wa chama mshirika cha CUF, Ibrahim Lipumba, akajiuzulu. Kumbe mchujo wa chama kimoja ulivuruga uteuzi wa vyama viwili vingine. Mwaka 2019 Lowassa alirudi CCM.

Tangu hapo utaratibu wenyewe umebadilika. Mwaka 2017 Halmashauri Kuu ilipunguzwa kutoka wajumbe 388 hadi 158, na Kamati Kuu kutoka 34 hadi 24. Wajumbe wachache maana yake ni kwamba kura za kundi moja dogo zina uzito zaidi, na kwamba kuwafikia wote, kwa hoja au kwa bahasha, ni kazi nyepesi kuliko ilivyokuwa. Ladha yake ilionekana mwaka 2020 katika uteuzi wa mgombea wa Zanzibar, ambao huishia Halmashauri Kuu: Hussein Mwinyi alipata 129, Khalid Salum Mohamed 19 na Shamsi Vuai Nahodha 16. Kwa upande wa Muungano, mwaka huohuo Magufuli alipitishwa akiwa peke yake, na Membe, aliyekuwa amefukuzwa uanachama mwezi Februari, akagombea kupitia ACT-Wazalendo.

Januari 2025 hatua hizo zote zilirukwa. Mkutano Mkuu wa Dodoma, ambao watu walijua unakwenda kujaza nafasi ya Makamu Mwenyekiti, ulipitisha azimio la kumthibitisha Samia na Hussein Mwinyi kuwa wagombea. Wapo makada waliohoji ziko wapi fomu na mchujo. Waliotetea walijibu kwamba Mkutano Mkuu ndicho kikao cha juu kabisa na hakuna kikao cha chini kinachoweza kukizuia. Kisheria, pande zote mbili zina la kushika. Kisiasa, jibu la watetezi lina matokeo ambayo huenda hawakuyakusudia: likikubalika mwaka 2025, litakubalika pia mwaka 2030, na atakayekuwa na wajumbe wengi ukumbini anaweza kudai kwamba hahitaji tena idhini ya Kamati Kuu. Chujio lililomkata Lowassa litakuwa limetobolewa na wenye chujio wenyewe.

Ndiyo sababu mwaka wa kuangalia si 2030. CCM hufanya uchaguzi wake wa ndani kila baada ya miaka mitano. Uliopita ulikuwa wa 2022, na unaofuata ni wa 2027, kuanzia shina na tawi hadi taifa. Wajumbe wa Mkutano Mkuu watakaopatikana wilayani mwaka huo ndio watakaokaa Dodoma miaka mitatu baadaye na karatasi za kura mikononi. Wenye nia wanalijua hilo, na wenye busara kati yao hawatachukua fomu yoyote mwaka 2027. Watawalipia wengine.